Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutengeneza umeme wa gitaa lenye uvungu

Gitaa la umeme lililochongwa kwa ubao mzima lina kifuniko cha plastiki mgongoni. Ukikifungua, kila kitu kiko mbele ya macho yako. Gitaa lenye uvungu kwa kawaida halina mlango huo. Potensiometa (vidhibiti vya kuzungusha vya voliumu na toni), swichi na jeki (tundu la kuchomekea kebo) zimefungwa ndani ya sanduku lililogundishwa pande zote, na njia za kuzifikia ni mbili tu: matundu ya f (yaliyochongwa kama herufi f kwenye ubao wa juu) na mashimo ya pikapu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi). Kazi ya dakika kumi kwenye gitaa lingine inaweza kukula mchana mzima hapa. Kwa hiyo majibu mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye jambo moja: ujue kwanza kilichoharibika, ndipo uguse nati.

Je, ni lazima nitoe kila kitu ili nijue tatizo liko wapi?

Hapana. Gitaa la namna hii halina betri wala saketi yenye nguvu ndani yake. Lina koili, vikinza, kapasita za toni (zinazokata sauti kali) na miguso tu, na karibu vyote vinapimika kutoka nje kwa mita ya kawaida.

Chomeka kebo nzima kwenye jeki, na upande wa pili usiuchomeke popote. Weka mita kwenye ohmu, mguu mmoja kwenye ncha ya plagi, mwingine kwenye ganda lake. Fungua voliumu zote hadi mwisho, kisha sogeza swichi ya kuchagua pikapu hatua moja moja ukiandika namba.

Hambaka (pikapu za koili mbili) nyingi husoma kati ya kiloohmu 7 na 9. P-90, aina ya pikapu ya koili moja, huwa humo humo, wakati mwingine juu kidogo. Filter'Tron, hambaka za kampuni ya Gretsch, husoma chini zaidi, karibu 4 hadi 5, na huo si ubovu. Swichi ikiwa katikati, pikapu mbili zinazolingana zitakupa karibu nusu: mbili za kiloohmu 8 zitasoma takriban 4.

Sasa soma hitilafu. Ukiona karibu kiloohmu 500 pale ulipotarajia 8, koili au waya wa pikapu umekatika, na mita inaiona potensiometa peke yake. Mita isiposoma chochote katika hatua zote tatu za swichi, shuku jeki au kebo yenyewe. Isiposoma katika hatua moja tu, shuku mguso wa swichi au waya unaotoka kwenye voliumu hiyo kwenda kwenye swichi. Ikisoma sifuri na voliumu iko wazi, kuna shoti mahali fulani, mara nyingi nyuma ya jeki.

Halafu punguza voliumu taratibu. Namba itapanda kwanza, hata ifike zaidi ya kiloohmu 100, kisha itashuka mpaka sifuri. Usishtuke, ndivyo saketi hiyo inavyosomeka. Unachotafuta ni ulaini wa mwendo. Namba ikirukaruka, njia ya kaboni ndani ya potensiometa imechafuka au imechakaa.

Kwa dakika tano hizi umeshajua kama unahitaji kugusa jeki peke yake au mfumo mzima. Nimewahi kuona gitaa lililotolewa umeme wote kwa ajili ya waya mmoja wa jeki, na katika kurudisha, miguso mitatu mizuri ikavunjika. Mwenyewe alikuja na tatizo moja, akaondoka na manne.

Sauti inakatika nikitikisa kebo. Nianzie wapi?

Jeki. Hiyo ndiyo sehemu inayoteseka kuliko zote, kwa kuwa kila plagi inayoingia na kutoka inaivuta.

Mara nyingi mkasa huenda hivi: nati ya nje inalegea, mpigaji anaikaza kwa spana, na kwa kuwa hakuna kinachoishika jeki kwa ndani, jeki nzima inazunguka pamoja na nati. Nyaya zake zinajisokota. Baada ya kukazwa mara tatu au nne, mmoja unakatika pale ulipolehemiwa. Kwa hiyo usikaze jeki iliyolegea bila kuizuia isizunguke. Kama mkono wako au koleo ndefu vinafika kupitia tundu la f, ishike kwa ndani. Kama havifiki, tumia kifaa cha kushikia jeki kinachoingia mdomoni mwake na kubana kutoka ndani, kisha kaza nati juu yake.

Kama nyaya ni nzima lakini plagi inacheza, ulimi wa chuma unaogusa ncha ya plagi umepoteza mkunjo wake. Ukishaitoa jeki, ukunje ulimi huo kidogo kuelekea katikati na usugue sehemu ya mguso kwa kitambaa chenye spiriti.

Potensiometa inakwaruza ninapoizungusha. Nibadilishe?

Isafishe kwanza. Tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso ya umeme. Mafuta ya kulegezea bolti si mbadala wake, kwa sababu huacha utando unaokusanya vumbi. Potensiometa ina mwanya mdogo juu ya miguu yake mitatu, na dawa inapaswa kuingia hapo. Mrija mrefu ukipitishwa kwenye tundu la f mara nyingi unafika. Funika rangi ya gitaa kwa kitambaa, puliza kidogo sana, kisha zungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Mkwaruzo ukirudi baada ya siku chache, hapo ndipo badala inahitajika.

Nitoeje mfumo mzima na kuurudisha bila kupoteza akili?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakwenda pole pole.

Anza na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya ubao. Katika magitaa mengi ya namna hii daraja halikufungwa kwa skrubu. Linashikwa mahali pake na mkazo wa nyuzi tu, na ukizilegeza linaanguka. Weka alama za mahali lilipokaa kwa gundikaratasi nyepesi. Ikiwa gitaa ni la zamani na limepakwa vanishi ya nitro, usitumie gundikaratasi kabisa, maana inaweza kung'oa rangi. Pima umbali kwa rula na uandike.

Piga picha za kila kitu unachokiona kupitia matundu. Toa vitufe kwa kuzungusha kitambaa chini yake na kuvuta juu. Bisibisi ikitumika kama wenzo hapo, itaacha kovu kwenye ubao.

Kabla hujalegeza nati hata moja, andaa mipira myembamba kama ile ya kupitishia hewa kwenye tangi la samaki, yenye tundu la milimita 4 au 5. Ukiusukuma mpira kwenye shina la potensiometa unatanuka na kubana. Legeza nati, uitoe pamoja na washa yake, valisha mpira, kisha ndipo uisukume potensiometa ndani. Mpira unabaki umechungulia nje ya shimo, na ukiwa mrefu vya kutosha utakuongoza wakati wa kurudi. Kwa swichi, fanya vivyo hivyo kwenye kijiti chake. Jeki haina shina, kwa hiyo pitisha uzi wenye nguvu mdomoni mwake hadi utokee nyuma, ufunge fundo nene lisiloweza kupita, na uache ncha ya pili ining'inie nje. Andika kwenye kila mpira ni wa shimo gani. Ukiwa na potensiometa nne zinazofanana gizani, kumbukumbu haitakusaidia.

Sasa chagua mlango. Potensiometa za ukubwa kamili zina kipenyo cha karibu milimita 24, na si kila tundu la f linaipitisha. Pima kabla ya kununua. Zipo ndogo za milimita 16 zinazopita kwa urahisi na kufanya kazi ile ile. Kwenye magitaa yenye nusu uvungu, kama ES-335 ambayo kampuni ya Gibson iliitoa mwaka 1958, kuna gogo la mti linalopita katikati kutoka shingoni hadi mkiani. Kwa hiyo upande wa vidhibiti umetengwa, na mlango wako mara nyingi ni tundu la f la upande huo. Baadhi yana gogo lililochongwa chini ya pikapu ya daraja, na hayo ni neema: mfumo wote unapita kwenye shimo la pikapu. Kwenye gitaa lenye uvungu mtupu, kama Epiphone Casino, shimo la pikapu ndilo lango pana.

Mfumo mpya ujengwe wote nje. Weka kadibodi juu ya gitaa, chora mashimo yote kwa penseli, yatoboe, kisha funga potensiometa, swichi na jeki kwenye kadibodi hiyo kana kwamba ndiyo ubao wenyewe. Lehemu hapo, upime kwa mita, hata uchomeke pikapu na ampli na usikilize. Acha nyaya ziwe ndefu kidogo kuliko kipimo. Waya mfupi kwa sentimita mbili ni waya wa kurudia.

Wakati wa kurudisha kuna kanuni moja: kitu chenye shimo la mbali zaidi na mlango ndicho kinachotangulia kuingia. Vuta mpira wake mpaka shina litokeze, visha washa na nati kupitia juu ya mpira zishuke mpaka kwenye uzi wa skrubu, anza kukaza kwa vidole, ndipo uung'oe mpira. Usikaze chochote kwa spana mpaka vyote viwe vimekaa. Na usisahau washa yenye meno inayokaa ndani, chini ya ubao. Ndiyo inayozuia potensiometa isizunguke siku za mbele, na ndiyo mafundi wenye haraka huiacha mezani.

Kikikwama kitu, rudi nyuma. Ubao wa juu wa gitaa hizi ni mwembamba, na kingo za tundu la f hupasuka kirahisi kuliko unavyodhani.

Nitumie waya wa aina gani?

Waya uliozungushiwa wavu wa chuma. Kwenye gitaa la ubao mzima unaweza kupamba shimo lote kwa utepe wa shaba ili kuzuia mawimbi ya nje. Uvungu wa gitaa hili ni mkubwa mno kwa hilo, kwa hiyo kinga lazima isafiri na waya wenyewe, kila sentimita. Wavu huo huo unatumika kama njia ya ethi, yaani upande wa saketi unaoungana na ganda la plagi.

Kuna hatari moja. Wavu ulio wazi ukigusa mguu wa potensiometa au ulimi wa jeki, sauti inakufa. Nje kwenye meza utaona kila kitu kiko sawa, kisha ndani kinajikunja na kugusana. Valisha mirija inayosinyaa kwa joto kila mahali ambapo waya unapita karibu na mguso.

Potensiometa na kapasita za thamani gani?

Kwa hambaka, kiloohmu 500. Kwa pikapu za koili moja zenye sauti kali, kiloohmu 250. P-90 huwekewa 500 mara nyingi, ingawa mtu anayetaka sauti laini zaidi hatakosea akishuka. Kapasita ya toni ni maikrofaradi 0.022 kwa kawaida, na 0.047 ikiwa unapenda giza la jazi toni inapofungwa.

Potensiometa zilizoandikwa 500 zinaweza kutofautiana kwa asilimia 20 juu au chini. Kwa hiyo pima chache na uchague zenye namba za juu kwa voliumu. Hiyo inasikika. Malumbano ya kama kapasita ya karatasi na mafuta inaimba vizuri kuliko ya plastiki sijayaona yakitatuliwa na sikio la mtu aliyefumbwa macho. Thamani ya kapasita ndiyo inayofanya kazi.

Swichi ikiwa katikati, nikifunga voliumu moja pikapu zote mbili zinanyamaza. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Ndivyo mpangilio wa kawaida wenye voliumu mbili na toni mbili unavyofanya: voliumu iliyofungwa inaipeleka njia nzima kwenye ethi. Unaweza kuzitenganisha kwa kubadilishana nafasi ya waya wa pikapu na waya wa kutokea kwenye miguu ya potensiometa, ila utapoteza ung'avu wa sauti kila unapopunguza voliumu. Mimi huwashauri watu wauache ulivyo.

Gitaa linavuma. Ni ethi?

Gusa nyuzi na usikilize. Mvumo ukipungua unapogusa, ethi ya nyuzi inafanya kazi na kinachoingia ni kelele ya mazingira: taa, transfoma, skrini. Mwili wako ni antena, na ukigusa nyuzi unaunganishwa na ethi. Mvumo ukiongezeka unapogusa, nyaya za jeki zimegeuzwa. Usipobadilika kabisa, waya unaokwenda kwenye mkia (chuma kinachoshika ncha za nyuzi) umekatika.

Waya huo husahauliwa sana. Daraja la magitaa mengi haya lina kitako cha mbao, kwa hiyo umeme hauwezi kupita hapo. Ethi ya nyuzi inatoka kwenye mkia wa chuma, au kwenye Bigsby (mkia wenye mkono wa kutikisa nyuzi), kupitia tundu dogo. Pima kati ya mkia na ganda la plagi: mita isome karibu sifuri.

P-90 na koili moja nyingine zitavuma hata kazi yako ikiwa safi kabisa. Mvumo wa hezi 50 au 60, kulingana na umeme wa mahali ulipo, unaingia kwenye koili yenyewe. Hambaka ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson miaka ya 1950 ili kuufuta huo huo.

Nimebadilisha pikapu moja, na sasa swichi ikiwa katikati sauti ni nyembamba kama ya puani.

Pikapu zako mbili zinasukumana kinyume. Kama ile mpya ina nyaya mbili zilizotengana na ethi ya kifuniko, badilishana nyaya hizo na umemaliza. Kama ina waya mmoja ndani ya wavu, usigeuze: kifuniko cha chuma kitakuwa upande wenye sauti na kitavuma kila ukikigusa. Hapo dawa ni kuigeuza sumaku ndani ya pikapu, kazi ya mkono mtulivu, maana nyaya za koili ni nyembamba kuliko unywele.

Kuna wanaoipenda sauti hiyo na kuiacha. Peter Green, mpiga gitaa wa Fleetwood Mac, alijulikana kwayo.

Gitaa linapiga kelele lenyewe nikiongeza sauti. Je, umeme umeharibika?

Sikiliza aina ya kelele. Mngurumo mzito unaokua taratibu ni mwili wa gitaa: ubao wa juu unatikiswa na spika, nyuzi zinafuata, pikapu inarudisha. Hakuna lehemu inayotibu hilo. Geuka, sogea mbali na ampli, au ziba matundu ya f kwa sponji. Mlio mkali wa filimbi ni habari nyingine. Huo mara nyingi ni koili au kifuniko kinachotetemeka ndani ya pikapu, na huzuiliwa kwa kuichovya pikapu kwenye nta iliyoyeyushwa kwa nyuzijoto 60 hadi 65, kwenye chombo kinachoelea juu ya maji ya moto. Nta kamwe isiwekwe moja kwa moja juu ya moto. Na pikapu za zamani zenye thamani zisiguswe kwa nta hata kidogo.

Kuna kitu kinatetemeka ndani ninapopiga noti fulani.

Waya unaogusa ubao wa juu. Ufunge kwa kipande cha sponji au kishikizi chenye gundi upande wa ndani. Fanya hivi wakati mfumo uko njiani kurudi, kwa sababu ukiacha, baadaye utajuta.

Kulehemu kunahitaji nini?

Pasi ya wati 40 hadi 60, au yenye kidhibiti iliyowekwa karibu nyuzijoto 350 hadi 380. Tumia lehemu ya bati na risasi ya 60/40 yenye utomvu ndani yake. Mgongo wa potensiometa unanyonya joto sana, kwa hiyo ukwaruze kwanza kwa msasa, upake lehemu kidogo, kisha weka waya. Pasi dhaifu ndiyo inayoua potensiometa, kwa kuwa unaishikilia muda mrefu mpaka joto lifike ndani. Fungua dirisha, nawa mikono, na usilehemu juu ya gitaa. Tone moja la lehemu linatoboa vanishi mara moja.

Gitaa langu ni la miaka ya 1960. Nibadilishe mfumo?

Rekebisha kilichoharibika tu, na kila kinachotoka kihifadhiwe kwenye mfuko pamoja na gitaa. Angalia namba zilizopigwa mgongoni mwa potensiometa: 1376512, kwa mfano, ina maana imetengenezwa na kampuni ya CTS, ambayo alama yake ni 137, mwaka 1965, wiki ya 12. Centralab, kampuni nyingine, ni 134. Namba hizo, pamoja na lehemu ambayo haijaguswa tangu kiwandani, ni sehemu ya ushahidi wa umri wa gitaa. Mkwaruzo unaosafishika si sababu ya kuufuta ushahidi huo.

Napigwa shoti nikigusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja.

Acha kupiga. Gitaa haliwezi kuzalisha umeme huo. Unatoka kwenye ampli, kwenye mfumo wa maikrofoni au kwenye nyaya za jengo, na ethi imekosekana mahali fulani. Mpelekee fundi umeme. Usiifungue ampli ya vali mwenyewe, kwani kapasita zake hushika umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Nitajuaje kwamba niko tayari kurudisha nyuzi?

Rudia vipimo vya swali la kwanza na ulinganishe na namba ulizoandika. Kisha chomeka ampli kwa sauti ya chini na gongagonga kila pikapu kwa ncha ya bisibisi ukisogeza swichi, uhakikishe inayosikika ndiyo uliyoichagua. Zungusha kila kitufe. Tikisa kebo. Gitaa likibaki kimya pale linapotakiwa kuwa kimya, rudisha daraja kwenye alama zako, vuta nyuzi mbili za pembeni kwanza ili lisiteleze, halafu zile za katikati.